Mgeni Asiye na Jina Kwenye Ubao wa Ndolo

Mwalimu Ndolo wa Mumbuni hakuzaliwa na shuku, alifundishwa. Ukimwona leo akinusa maziwa kabla hayajamiminwa kwenye sufuria, au akimhoji mama mboga nyanya zile zilichumwa lini na nani, usimcheke bure. Alifundisha hesabu miaka mingi katika shule moja ya kibinafsi yenye geti la bluu. Corona ilipoingia, mwenye shule aliwaita walimu wote, akaomba nao, akalia nao, akawaambia wakae nyumbani kidogo tu, shule itafunguliwa. Wakakaa. Siku Ndolo alipopita pale kusalimia, alikuta madawati yanapakiwa kwenye lori na geti la bluu limeshang'olewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo ukimwambia Ndolo "habari ya asubuhi", kwanza anachungulia dirishani kuona kama kweli ni asubuhi.

Lakini shuku hailiwi na ugali. Alikuwa na mke, Linet, fundi wa nguo mwenye cherehani yake barazani, na binti mmoja, Ndanu, mlaji wa kutisha. Basi akaamua kufundisha watu wazima kupitia mtandao, wale walioacha shule zamani kwa sababu hii na ile, na sasa wanataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kibinafsi. Syokau, muuza mitumba wa Tala, alikuwa wa kwanza. Mutiso, askari wa lango kule Syokimau, akafuata, kisha wakaja wengine. Watu wa kazi hao, kuwakusanya chumba kimoja haiwezekani, lakini kila mmoja alikuwa na simu.

Ubao aliupata huko huko mtandaoni. Ni ubao kweli, mweupe, mpana usio na mwisho, ila hauna ukuta. Ukifungua linki uliyotumiwa unauona kwenye simu yako, na unachoandika wewe wenzako wote wanakiona papo hapo, na ukisema wanakusikia. Kila aliyeingia anaonekana kama kishale kidogo cha rangi, kinatembea huku na huku na jina la mwenyewe limefungwa mkiani. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Syokau alichora duara juu ya jibu la Mutiso, Mutiso akafuta duara akafuta na jibu la mtu mwingine, wakaanza kutupiana maneno utadhani ng'ombe ameingia mahindini. Ndolo ni mtoto wa mkulima, dawa ya ugomvi wa namna hiyo anaijua. Akapima ubao, akachora mipaka, kila mtu akapewa shamba lake na jina juu yake, na sheria ikawa moja: hakuna kuvuka. Kelele zikaisha siku hiyo hiyo. Mtu wa huku utamfundisha nini kuhusu mpaka?

Jambo lingine la kumjua Ndolo ni kwamba alikuwa mkwe mwema. Kwetu kuna adabu inayoitwa nthoni, heshima ya mume na mama mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia kando ya vichaka mwenzake apite. Vijana wengi wa mjini wameitupa. Utawaona harusini wanakumbatia mama wakwe zao huku wanapigwa picha, meno yote nje. Si Ndolo, na si nyumba ya kina Linet kule Kivaa. Tangu aoe, mama mkwe wake alikuwa kwake ni pindo la leso likipotea nyuma ya jiko, na sahani ya muthokoi iliyofika mezani bila aliyepika kuonekana. Jina la mama huyo silitaji hapa. Ndolo mwenyewe hajawahi kulitaja, na mimi ni nani nimkosee adabu?

Haya. Jumamosi moja mchana, katikati ya milinganyo, kishale cha kijivu kikaingia ubaoni. Asiyejiandikisha jina, ubao humwita Mgeni, na ndivyo mkia wa kishale kile ulivyosema: Mgeni.

"Nani huyo ameingia?" Ndolo akauliza. "Karibu. Andika jina lako."

Kishale kikasogea mbali, nje kabisa ya mipaka, kule kweupe kusiko na shamba la mtu, kikaanza kuandika hesabu ile ile waliyokuwa wakiifanya wengine. Kiliandika polepole, kama mtu anayelima kando ya barabara akijua hapo si pake. Kilikosea palepale walipokosea wote, kikafuta, kikajaribu tena. Ndolo akasogeza kishale chake chekundu akaangalie. Kabla hajafika, Mgeni akaondoka, akaenda kusimama upande wa pili. Ndolo akamfuata huko. Mgeni akahama tena.

"Mnaona?" Ndolo akasema. "Mtu mwema anakimbia nini?"

"Mwalimu, si umwache tu," akasema Syokau, na nyuma yake ukasikika mnada wa nguo za watoto. "Pengine ni mtu wa haya."

"Mimi kazini, mtu hana jina, haingii," akasema Mutiso.

Ndolo, kama unavyomjua sasa, alikubaliana na askari. Shuku ikampeleka moja kwa moja kwa Muthoka. Huyu Muthoka alifundisha naye hesabu katika ile shule ya geti la bluu, na yeye pia alikuwa ameanzisha darasa la mtandaoni. Tena alikuwa mtu wa Kivaa. Tena, na hapa ndipo pilipili ilipokuwa, kabla Ndolo hajamjua Linet, Muthoka ndiye aliyekuwa akiwatembelea kina Linet na mkebe wa asali. "Anakuja kuiba masomo yangu," Ndolo akajiambia. Akabadilisha linki. Akawapigia wanafunzi mmoja mmoja, akawatumia linki mpya, akawaapisha kama mashahidi kortini.

Somo lililofuata, kabla hata Mutiso hajaingia, Mgeni alikuwa ameshafika. Amesimama kule kule kando, anangoja.

Wanafunzi wote wakakana. Ndolo akakaa kitandani akafikiri. Linki iko mahali pawili tu, kwa wanafunzi na ndani ya kompyuta hii. Na kompyuta hii nani mwingine anaifungua? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na nguo za nyumba ile zilishonwa na mtu mmoja.

Ole wako ukianza kumchunguza unayelala naye, maana hutakosa kitu. Ndolo alianza kuona. Akiingia barazani, Linet anageuza simu kifudifudi juu ya cherehani. Darasa likiisha, Linet anakumbuka nguo za kuanua nyuma ya nyumba, hata siku ambayo hakufua. Siku moja Ndolo alikuwa bafuni, dirisha dogo liko wazi, akamsikia akiongea kwa simu kwa sauti ya chini.

"Usijali, hawezi kujua," Linet alikuwa akisema. "Wewe ingia tu. Akikukaribia, sogea." Kisha akacheka, kicheko kizuri, cha mtu anayempenda anayeongea naye.

Ndolo alisimama pale sabuni inamkauka mwilini. Hasira ilikuja baadaye. Kwanza aliumia, akaumia sana, na sioni sababu ya kumfichia. Shule alinyang'anywa, akavumilia. Lakini Linet alikuwa mtu pekee katika dunia hii ambaye Ndolo alikuwa akipokea kikombe kutoka mkononi mwake akanywa bila kunusa. Ikiwa na huyo pia ni geti la bluu, atabaki na nini? Akaapa kimoyomoyo kwamba atamkamata huyo Mgeni kwa ushahidi, na ikiwa ni Muthoka, basi nyumba imekwisha, Linet arudi kwao.

Angemuuliza mkewe, mambo yangeishia hapo. Lakini mtu wa kushuku haulizi. Anatega.

Jumatatu alifungua ubao mpya kabisa. Hakumtumia Syokau, hakumtumia Mutiso, hakumtumia binadamu yeyote. Akauacha wazi kwenye kompyuta, mezani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Mama Ndanu, leo saa kumi nina darasa la ziada. Ubao ni mpya. Wacha nikimbie dukani kidogo."

"Sawa, Baba Ndanu," Linet akajibu, na cherehani ikanyamaza.

Ndolo alikwenda dukani akanunua kiberiti ambacho hakukihitaji. Aliporudi, cherehani ilikuwa ikilia kama kawaida. Akachukua kompyuta, akaingia chumbani, akafunga mlango, akakodoa macho kwenye ule weupe mtupu. Saa kumi ikafika, na kishale cha kijivu kikaingia.

Mgeni hakukuta mtu ila Ndolo. Alisita mlangoni, tuseme hivyo, maana ubao hauna mlango. Kisha akapita pembeni kabisa, mbali na kishale chekundu, akaanza kunakili kazi aliyopewa kila mtu Jumamosi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Safari hii hakukosea palepale pa siku zote.

Hapo Ndolo ningekuwa karibu ningemshika mkono. Hakukuwa na mtu wa kumshika. Alichagua kalamu nyekundu, ile nene, akaandika kwa herufi kubwa kutoka ukingo hadi ukingo:

NAKUJUA. ONYESHA USO WAKO! UNANIKIMBIA KWA SABABU HUNA HAYA. MWIZI WA WAKE ZA WATU!

Kishale cha kijivu kikaruka upande. Ndolo akakifuata. Kikapanda juu, akapanda nacho. Kikashuka pembeni, akakibana pale pale, chekundu juu ya kijivu, akiandika na kuandika, "SEMA! SEMA WEWE NI NANI!" Wawili peke yao katika ubao mtupu, mmoja anafukuza, mwingine hana pa kujificha, maana huko hakuna hata kichaka.

Kisha Mgeni akasimama. Alirudi kwenye kazi yake, akaanza kuifuta, mstari wa tatu, wa pili, wa kwanza, polepole na vizuri, mpaka pakawa peupe kama hapajawahi kuandikwa kitu. Alipomaliza akatoka.

"Ehe!" Ndolo akasema peke yake. "Umeona mwanamume?" Na moyo ulikuwa ukimdunda kwa ushindi.

Huko barazani simu ya Linet ikalia. Ndolo akatega sikio. Alitegemea mnong'ono, akasikia "Wuui!" moja ndefu, kisha miguu, kisha mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Linet alisimama pale na futi ya fundi shingoni, machozi yanamtoka.

"Baba Ndanu, umemwambia mwaitu nini?"

Mwaitu ni mama. Ndivyo Linet anavyomwita mama yake.

"Mwaitu gani?" Ndolo akauliza.

"Kwani niko na wangapi?"

Ndolo alimtazama mkewe, akautazama ubao, akamtazama mkewe tena. Nasikia damu ikikimbia usoni mtu huhisi masikio yanaziba. Yake yaliziba, lakini si ya kutosha, maana alisikia yote yaliyofuata.

"Mama yangu ndiye huyo anaingia huko," Linet alisema. "Aliacha shule kidato cha pili. Unajua kwa nini? Alikuwa na mimba. Mimba yenyewe ni mimi, Baba Ndanu. Nimekua nikimwona anasoma magazeti ya kufungia sukari. Juzi aliniambia anataka kufanya mtihani kabla hajazeeka, na darasa nililolijua mimi ni lako."

"Si ungeniambia?"

"Nikuambie, ufanye nini? Umfundishe mama mkwe wako? Umwite jina darasani? Umwekee alama ya kosa? Ungefunga huo ubao siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe asingekubali. Alisema ukiwa hujui, nthoni haijavunjwa. Nikamwambia basi aandike jina la uongo. Akasema heri aitwe mgeni kuliko aitwe mwongo."

"Na kukimbia? Kila nikimkaribia alikuwa anakimbia!"

"Alikuwa anakupisha njia, wewe!" Linet akapiga kelele. "Ulitaka asimame njiani kukungoja, na wewe ni mkwe wake?"

Ndipo akauona ubao. Zile herufi nyekundu bado zilikuwa pale. Alizisoma mpaka mwisho, midomo inacheza, na alipofika kwa mwizi wa wake za watu midomo ikasimama. Ndolo alitamani sakafu ipasuke.

"Ulidhani ni nani?" Linet akauliza polepole.

Ndolo akaanza kuzifuta zile herufi.

"Ndolo. Ulidhani ni nani?" Alimwita jina lake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Ndanu azaliwe.

"Muthoka," akasema.

Linet alicheka, lakini hicho hakikuwa kile kicheko cha nyuma ya nyumba. Alitoka akarudi barazani, na cherehani haikulia tena siku hiyo. Jioni aliivisha chakula, akampakulia Ndanu, akampakulia Ndolo, akaweka sahani mezani akaenda zake. Ndolo alikula bila kuonja. Angejua mkewe ni mwaminifu saa moja kabla, angeruka kwa furaha. Sasa alilijua hilo, na lilikuwa limekaa kooni kama mfupa.

Kuomba msamaha angependa, lakini angeombaje? Kumpigia simu mama mkwe haiwezekani. Kwenda kumpigia magoti ni kuongeza kosa juu ya kosa. Mambo hayo yana njia yake, na njia yake ina miguu minne. Ndolo alimwendea kaka yake mkubwa, Festus, akamweleza kila kitu, akiangalia chini.

Festus alisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno. "Yaani ulikuwa chumba kimoja na mama mkwe wako, ukamfukuza kuzunguka chumba, ukamwambia akuonyeshe uso?"

"Haikuwa chumba. Ni ubao."

"Mlikuwa wangapi humo?"

"Wawili."

"Basi ni chumba," akasema Festus. "Na mbuzi asiwe mdogo."

Mbuzi hakuwa mdogo. Festus alimpeleka Kivaa mwenyewe, akalala huko, na kesho yake akarudi na gunia la ndengu na uso mkunjufu. Ndolo alimpokea getini kabla hajaweka mzigo chini, na Linet akasimama mlangoni kusikiliza.

"Amepokea," Festus akasema. "Amesema mkwe wake hakujua, na asiyejua hana hatia. Amesema moyo wake ni mweupe. Amewatumia ndengu. Alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko akiongea, na sauti ilikuwa nzuri, haina kinyongo. Hata amecheka kidogo kuhusu huyo Muthoka."

Ndolo alishusha pumzi ndefu. Aliingia akachemsha chai mwenyewe, akammiminia kaka yake, akammiminia Linet, na Linet akapokea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Ndolo akaona kumbe nyumba yake bado imesimama. Maji hayajamwagika yote.

"Na Jumamosi?" akauliza, akijaribu kuweka sauti yake kama haina uzito. "Hukumwambia kwamba Jumamosi aingie tu kama kawaida? Mimi sitauliza jina. Sitasogea huko aliko. Hata nikiona nitajifanya sioni."

"Nilimwambia." Festus aligeuza kikombe mkononi. "Alisema nikushukuru. Alisema yeye amekuwa mzee sasa, hizo hesabu ni za watoto."

Jumamosi ilifika. Ndolo alifungua ubao mapema. Syokau akaingia, Mutiso akaingia, wengine wakaingia, kila mtu kwenye shamba lake, na somo likaenda vizuri sana, maana mwalimu hakumshuku mtu. Mutiso alisema afadhali yule mtu asiye na jina amepotea, sasa darasa lina usalama. Ndolo akawapa swali lililofuata. Walipoaga na vishale vyao kutoka mmoja mmoja, yeye hakufunga. Alikaa akiangalia ule weupe wa pembeni, na akashtuka kila kivuli cha tawi kilipopita juu ya kioo.

Linet aliingia na futi yake shingoni. Alisimama nyuma ya kiti, akaangalia anachokiangalia mumewe.

"Atarudi," Ndolo akasema. "Tumpe muda. Atarudi tu."

"Mara ya kwanza aliachishwa shule na mimi," Linet akasema. "Lakini mimi nilikuwa tumboni, Baba Ndanu. Wewe ulikuwa na macho."